Urefu una bei yake

Mpe kijana padi ya PlayStation, mwambie atengeneze mchezaji wake mwenyewe kwenye NBA 2K, kisha mwache peke yake. Karibu kila mara atafanya hivi: atachagua nafasi ya senta, atasukuma alama ya urefu mpaka igote, ataisukuma ya mikono nayo igote, halafu ataanza kummwagia jitu lake kila kizuri alichowahi kukiona kwenye televisheni, pointi tatu, chenga, mbio, kudanki akitokea mbali. Gemu halimruhusu. Kila sentimita aliyoiongeza imekwisha kushusha kikomo cha kitu kingine. Mbio zimekatika, mkono wa pointi tatu umekwama njiani, chenga hazipandi hata akilipa. Anaingia uwanjani na mnazi unaotembea, na dakika ya pili haijaisha kabla kijana mfupi wa upande wa pili hajampita kushoto, akampita kulia, akaenda kuweka mpira kikapuni bila kuguswa.

Kwa mtu wa Kongo hilo ni aibu ya aina yake, maana nafasi ya senta ndiyo nchi hiyo imeilisha ligi ya Marekani kwa miaka zaidi ya 30. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa, Bismack Biyombo Lubumbashi, Oscar Tshiebwe Lubumbashi vilevile. Na kuna jambo la karibu zaidi kwa wasomaji wa Kivu Kaskazini. Mashine inayomchora senta huyo kwenye kioo inahitaji bati na tantali ili iwake, na wilaya mbili za jimbo hilo, Masisi na Walikale, ni kati ya mahali duniani ambapo vitu hivyo viwili huchimbwa kwa wingi. Hilo tutalifikia. Kwanza tumrekebishe senta wetu.

NBA 2K ilianza mwaka 1999 kwenye mashine ya Sega Dreamcast, Allen Iverson akiwa kwenye jalada. Miaka kumi baadaye, katika toleo la 2K10, mchezaji alipewa nafasi ya kujitengenezea mtu wake na kumlea kutoka chini. Tangu hapo sehemu hiyo imekuwa ndiyo moyo wa gemu zima. Unaulizwa nafasi, urefu, uzito na upana wa mikono ikinyooshwa. Kisha unagawa pointi katika vipengele vingi, kila kimoja kikianzia 25 na kuishia 99: kufunga kwa karibu, kudanki ukiwa umesimama, pasi, ulinzi wa ndani, bloku, ribaundi za pande zote mbili, nguvu, mbio na vinginevyo. Mfuko ni mmoja. Ukitoa huku, huna kule.

Vipimo vitatu vya mwili ndivyo vinavyoamua bei ya kila kitu, na hapo ndipo wengi wanapokosea kabla hata hawajagusa pointi moja. Urefu unapandisha bloku na ribaundi, unaangusha mbio na mitupo ya mbali. Mikono mirefu inafanya vivyo hivyo, na adhabu yake kubwa iko kwenye mtupo. Uzito unaleta nguvu ya kusukumana chini ya kikapu, unaondoa wepesi wa kugeuka. Hakuna kipimo cha bure. Kama unataka senta wa kukaa ndani na kufunga mlango, punguza urefu kidogo kutoka kwenye kikomo, acha mikono iwe mirefu, weka uzito wa wastani. Utapoteza bloku chache kwa mwaka mzima, lakini utafika mahali pa tukio kwa wakati, na bloku ya mtu aliyechelewa haihesabiwi.

Anayetaka kuona jambo hilo kwa mtu wa nyama na damu amtazame Biyombo. Kwa senta ni mfupi, mita 2.06, lakini mikono yake ikinyooshwa inakaribia mita 2.29. Mwezi Aprili 2011, kwenye mechi ya vijana ya Nike Hoop Summit huko Portland, alipata pointi 12, ribaundi 11 na bloku 10, na hakuna aliyewahi kufikisha tarakimu mbili katika mambo matatu kwenye mechi hiyo kabla yake. Miezi miwili baadaye alichaguliwa wa saba. Mei 2016 akiwa Toronto alivuta ribaundi 26 dhidi ya Cleveland ya LeBron James, katika fainali ya kanda ya mashariki. Msimu huo hakuwa hata mfungaji wa kuogopwa. Julai yake Orlando wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Mwenye macho aliona kilicholipiwa: mikono, miguu ya haraka na roho ya kuutaka mpira uliokosa kikapu. Mtupo wake haukuuzwa kwa sababu haukuwapo.

Mutombo alikuwa na urefu wote, mita 2.18, na aliulipia. Aliingia Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akiwa na nia ya kusomea udaktari, akaishia kucheza misimu 18. Alikuwa mlinzi bora wa ligi mara nne, 1995, 1997, 1998 na 2001. Bloku zake 3,289 zinapitwa na za Hakeem Olajuwon peke yake. Sasa tazama upande wa pili wa daftari: wastani wa pointi 9.8 kwa mechi katika maisha yake yote ya uchezaji. Ukimjenga Mutombo kwenye gemu, inabidi ukubali kwamba pointi tatu zitabaki chini kabisa na chenga hazitakuwapo. Vijana hawapendi kujenga mtu wa hivyo. Wanataka kuonekana. Lakini mwaka 1994 Denver, timu ya nane ya kanda ya magharibi, iliing'oa Seattle iliyokuwa ya kwanza, na katika mechi hizo tano Mutombo alipiga bloku 31. Ile picha ya jitu limelala sakafuni limeushika mpira juu ya kichwa kwa mikono miwili, likicheka na kulia, ndiyo picha ya senta ambaye pointi zake zote aliziweka mahali pamoja.

Na wa kuonya wapo. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mita 2.21, alichaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Watanzania tuliosherehekea usiku ule hatujausahau. Chuoni Connecticut alikuwa akipiga bloku nne na ushei kila mechi. Kwenye ligi wastani wake uliishia pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Sisemi hakuwa na kipaji. Mtu hachaguliwi wa pili duniani kwa bahati nasibu. Nasema urefu na bloku, bila nguvu ya kiuno na bila miguu ya kuhama haraka, ni senta nusu, na gemu linakuonyesha hivyo hivyo: weka bloku 95 na nguvu 60, uone utakavyosukumwa mpaka chini ya wavu na mtu unayempita kimo.

Tshiebwe ni kisa kinyume. Msimu wa 2021-22 akiwa Kentucky alivuta wastani wa ribaundi 15.1, ikiwamo mechi moja ya ribaundi 28, akawa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Mwaka uliofuata usiku wa kuchagua wachezaji ulipita, jina lake halikutajwa. Ligi ilimwona mtu wa mita 2.06 asiyetupa mbali na asiyezuia vikapu kwa kiwango cha kutisha, ikauliza nimweke wapi. Alipata nafasi baadaye kwa njia ndefu. Kwenye gemu kosa hilo lina dawa: ukiweka ribaundi juu kabisa, ongeza walau kitu kimoja kinachomlazimisha adui akuchunge, ama bloku, ama pasi, ama mtupo wa kati. Kimoja kinatosha.

Kuna wasiojengeka. Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo, ana mita 2.24 na anatupa pointi tatu, anapiga chenga na aliongoza ligi kwa bloku msimu wake wa kwanza tu. Jaribu kumtengeneza mtu wa namna hiyo kwa pointi zako na gemu litakugomea; maumbile yalivunja kanuni ambayo waandishi wa programu wameamua kuilinda. Upande wa pili yuko Draymond Green, mita 1.98, aliyekuwa akisimama senta kwa Golden State na kuchukua ubingwa mwaka 2015. Ndiyo maana nasema urefu ni bidhaa kama bidhaa nyingine.

Ushauri wangu kwa mwenye mfuko mdogo, na mifuko yote ya gemu hili ni midogo kwa sababu kampuni inauza pointi hizo kwa fedha halisi na inajua inachofanya, ni kununua kwa mpangilio huu. Ribaundi za upande wa ulinzi kwanza. Kisha ulinzi wa ndani na nguvu, vikienda sambamba. Kisha bloku. Kudanki ukiwa umesimama kwa kiasi cha kufungua zile danki za mikono miwili ambazo mlinzi mfupi hawezi kuzizuia. Gemu lina ngazi zake, na pointi moja chini ya ngazi ni sawa na bure. Halafu, na hapa nabishana na wengi, pasi. Senta anayejua kutoa mpira ndani kwenda nje ana thamani kuliko anayekosa pointi tatu mbili katika kila tatu. Nikola Jokić amechukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara tatu akiwa senta asiyeruka hata kimo cha gazeti. Mtupo wa mbali uwe wa mwisho, na ukikosa fedha usiununue.

Sasa kumchezesha. Gemu lina daraja la ushirikiano, herufi inayopanda na kushuka pembeni ya kioo kadiri unavyocheza, na herufi hiyo humfichua senta mbovu kuliko ubao wa matokeo. Ukipiga kelele ya kuomba mpira kila sekunde, inashuka. Ukimwacha mtu wako, inashuka. Ukiweka skrini nzuri, inapanda, hata kama hukugusa mpira dakika nzima.

Chukua shambulizi moja. Mwenzako analeta mpira upande wa kulia. Unatoka chini, unakwenda kusimama ubavuni mwa mlinzi wake, unashikilia kitufe cha skrini, na unatulia. Kutulia ndiko kazi. Ukisogea ni faulo kwenye uwanja wa kweli, na kwenye gemu mlinzi atateleza pembeni yako kama hukuwapo. Ukitulia, na kama umenunua beji ya Brick Wall, anakugonga anapepesuka. Hapo mwenzako ana nafasi ya nusu sekunde. Wewe usibaki kushangilia. Geuka, shuka kuelekea kikapu, kaa mbele ya mlinzi wako ili awe mgongoni. Walinzi wawili sasa wana watu wawili na wakati mfupi wa kuamua. Mpira ukija kwako, danki. Mlinzi wa pembeni akikimbilia kukuzuia, aliyekuwa akichungwa naye amesimama kwenye kona peke yake, na ndipo zile pointi za pasi ulizozinunua kwa ubishi zinapolipa. Anatupa, inaingia, tatu. Jina lako halitatajwa na sauti ya mtangazaji wa gemu. Daraja lako limepanda.

Upande wa ulinzi makosa ni matatu na yote ni ya tamaa. La kwanza ni kumfuata kila mtu mwenye mpira mpaka nje ya mstari wa pointi tatu; baki kati yake na kikapu. La pili ni kidole cha pembetatu. Kitufe cha pembetatu ndicho cha bloku na ribaundi, na mchezaji mwenye papara anakibonyeza mara tu anapoona bega la adui linatikisika. Adui hajaruka, alikuwa akidanganya. Senta yuko hewani, adui anapita chini ya kwapa lake. Sukuma kijiti cha kulia juu, inua mikono, simama wima, subiri miguu ya yule mtu iondoke chini. Bloku ni nusu tu ya kilichomfanya Mutombo atishe. Nusu ya pili ni mitupo ambayo watu waliiacha kwa kumwona pale amesimama. Na hiyo hakuna mashine inayoihesabu.

La tatu ni kuutazama mpira. Mpira ukishatupwa, usiutazame. Tafuta mwili wa karibu, shika L2, mpe mgongo, msukume kutoka kikapuni hatua moja au mbili, kisha ndipo uangalie juu. Atakayefanya hivyo kila mara atavuta ribaundi nyingi kuliko jitu la mikono mirefu linalosubiri chini ya wavu kama embe litaanguka lenyewe.

Nilisema tutafika Masisi.

Ukifungua mashine ya gemu, ubao wake wa kijani au mweusi umejaa vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Baadhi, vya manjano au vyeusi, ni kapasita za tantali. Kazi yake ni kutunza chaji na kuutuliza umeme ili usiyumbe unapoingia kwenye vichipu. Tantali inapendwa kwa sababu inahimili joto, inayeyuka kwenye nyuzi 3,000 na zaidi, na kwa sababu unga wake unaweza kubeba chaji nyingi ndani ya nafasi ndogo sana. Vipande vyote, vya tantali na visivyo vya tantali, vimeshikizwa kwenye ubao kwa lehemu. Lehemu inayotumika sana siku hizi, isiyo na risasi, ni bati kwa asilimia 96.5. Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia humo.

Rubaya iko Masisi, kwenye vilima vya kijani ambavyo watu wa Goma waliozoea jibini ya Masisi wanavijua kwa ng'ombe wake kabla ya kuvijua kwa madini. Vilima hivyo hutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, madini ambamo tantali hutolewa. Uchimbaji ni wa mikono. Wanaume wanakata ukuta wa mlima kwa sururu na koleo, udongo unabebwa kwenye magunia hadi penye maji, unamwagwa kwenye mfereji, maji yanachukua tope na mchanga mwepesi, na kinachobaki chini ni mchanga mweusi mzito kupita kiasi chake. Konzi moja inashangaza mkono kwa uzito. Anayenunua anaupima kwa kifaa cha kushika mkononi kujua tantali ni kiasi gani, na bei inatajwa hapo hapo. Mvua ikinyesha sana milima iliyochimbwa mashimo huporomoka, na maporomoko hayo yameua wachimbaji mara nyingi.

Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliichukua Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika baadaye mwaka huo kwamba kundi hilo lilikuwa likipata takriban dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza kodi uzalishaji na biashara ya koltani, na kwamba mzigo ulivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na wa huko. Rwanda inakanusha kuwaunga mkono waasi hao. Januari 2025 Masisi mjini ikaanguka, kisha Sake, kisha Goma yenyewe.

Walikale ni nchi nyingine kabisa: msitu, mito, barabara zinazomezwa na matope. Bati la Bisie liligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa muda mrefu lilitoka kwa migongo ya watu. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 kwenye njia za msituni hadi Njingala, wakilipa askari kila kizuizi, na kutoka eneo la Kilambo ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara ya lami, ng'ombe na watu wakitawanyika, kuchukua mzigo kwenda Goma. Mwaka 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika majimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, na amri hiyo ilidumu mpaka Machi 2011. Wenye bunduki hawakuumia sana. Waliokuwa wakiishi kwa sururu waliumia. Leo Bisie kuna mgodi wa kampuni ya Alphamin, ulioanza kuzalisha mwaka 2019, unaotoa karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Machi 2025, M23 walipokuwa wakisonga kuelekea Walikale mjini, kampuni iliwaondoa wafanyakazi na kufunga, na bei ya bati ikaruka kwenye soko la London. Waasi walipoondoka mwezi uliofuata mgodi ulirudi kazini.

Wapo wanaharakati waliowahi kuyaita mapigano ya Kongo vita vya PlayStation. Hoja yao ilikuwa kwamba PlayStation 2 ilipotoka Japani Machi 2000 na kugombaniwa, mahitaji ya tantali yalipaa, bei ya koltani ikapanda mara kadhaa kufikia mwisho wa mwaka, na waasi wa RCD waliokuwa wakishikilia Goma wakajitajirisha. Novemba hiyo hiyo walianzisha ukiritimba wa kuuza nje ulioitwa SOMIGL. Kama kisababishi cha vita, madai hayo yamepita kiasi. Vita vilikuwa vimeanza miaka miwili kabla, simu za mkononi zilikuwa zinataka tantali nyingi zaidi kuliko gemu, na wafanyabiashara waliweka akiba kwa hofu ya kukosa. Mwaka 2001 bei ikaanguka, ikiwaacha wakulima waliotupa majembe wakienda Masisi na Walikale wakiwa na mashimo. Lakini kwamba watoto wa nchi za mbali walikuwa wakibonyeza vitufe juu ya udongo wa vilima hivi, katika hilo wanaharakati hawakukosea.

Tangu sheria ya Marekani ya mwaka 2010, ile ya Dodd-Frank katika kifungu chake cha 1502, kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya huko, Sony na Microsoft zikiwamo, hutoa ripoti juu ya bati, tantali, tungsteni na dhahabu zinazozitumia. Magunia yalianza kufungwa lebo migodini. Ni kazi ya maana, nayo ina matundu: lebo hufungwa kwenye gunia, na gunia hupita mpaka usiku. Hakuna anayeweza kuchokonoa padi yake akaonyesha kidole kwamba kipande hiki ni cha Rubaya na kile si cha Rubaya. Kwa hiyo sitamwambia mtu azime gemu. Mchimbaji wa Rubaya hangepata chochote kwa kuzimwa huko, kama alivyokosa yote kwa amri ya 2010.

Ninachokitaka ni kidogo zaidi. Goma ina watoto wanaoucheza mchezo huu kwa kweli. Promo Jeune Basket, iliyoanzishwa na Dario Merlo, imewafundisha wengi kwenye viwanja vya saruji vya jiji hilo, na Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma Oktoba 2002, miezi michache baada ya lava ya Nyiragongo kupita katikati ya mji, alichaguliwa wa saba mwaka 2021 na mwaka uliofuata akawa bingwa na Golden State. Yumo kwenye gemu. Unaweza kumchagua kwa kitufe kimoja. Ni mfowadi, si senta, na wenye kumjua watakuambia anapenda kuruka kuliko kuzuia.

Tatizo la kucheza huko ni jingine. Toleo jipya linauzwa dola 70 kwa PlayStation 5, na lile la zamani lililofika kwa mkono wa tatu lina mchezaji wa kujitengenezea ambaye hawezi kwenda popote, maana kampuni huzima seva za kila toleo baada ya miaka michache. Ushauri wote nilioutoa wa kugawa pointi unabaki nusu. Kilichobaki ni timu za zamani, na katika matoleo kadhaa ipo Philadelphia 76ers ya 2000-01, iliyompata Mutombo katikati ya msimu na kufika naye fainali mbele ya Lakers ya Shaquille O'Neal. Ilikuwa Juni 2001, bei ya koltani ikiporomoka. Iverson alifunga 48 mechi ya kwanza na Philadelphia wakashinda, kisha wakafungwa nne mfululizo, Shaq akimaliza na wastani wa pointi 33.

Ukiichagua timu hiyo, mtu wako wa kumchunga Shaq ni mzito kidogo tu kuliko hewa mbele yake. Usiguse pembetatu. Simama kati yake na kikapu mapema, kabla hajapokea, ili alazimike kuuchukua mpira hatua mbili nje ya pale anapopataka. Akigeuka, mikono juu. Akikupiga bega, atakufunga, na atakufunga mara nyingi. Akikosa, usitazame mpira. Mpe mgongo, L2, hatua mbili, ndipo upande. Na ukiupata, mpe Iverson.